Joto Chini ya Tope

Sehemu ya Saba

Jumatano ya Pon kwa kalenda ya masoko ya Java, tarehe 3 Februari. Mvua ilikatika alfajiri, ukungu ukashuka na kulala juu ya kijiji cha Kaliranti kama sanda. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio.

Na ndani ya ukungu huo, msomaji, mikono ya mchimbaji Paimo ilikuwa bado imezama kwenye tope hadi viwikoni, vilevile tulivyomwacha.

Hamjasahau. Kamera ya joto ya Murwani, dada wa kikosi cha uokoaji, ilikuwa imeonyesha doa jeupe mahali iliposimama nyumba ya tempe ya Mbah, yaani Bibi, Sarpinah. Doa refu, kama mtu aliyelala ubavu. Wanaume wakatupa mabeleshi wasije wakamkata mtu, wakachimba kwa kucha. Halafu vidole vya Paimo vikagusa kitu laini, chenye joto, kilichoviringishwa.

"Nimemshika!" Paimo alipiga kelele. "Ana joto! Yu hai!"

Mbah Sarpinah alikata utepe wa tahadhari kwa kifua chake akaja mbio, peku. Mlima ulikuwa umeporomoka na kuimeza nyumba yake jana alfajiri, mwenyewe akiwa kwenye soko la siku ya Pahing. Ndani alikuwemo binti yake wa pekee, Kasiyati.

"Nduk!" aliita. "Nduk, binti yangu! Mama nimekuja!"

Paimo akavuta. Kitu kikatoka.

Kilikuwa kifurushi cha majani ya mgomba. Kikafuata cha pili. Kikafuata cha tatu.

Tempe!

Soya iliyotiwa chachu, iliyofungwa majani, iliyokuwa katikati ya kuumuka. Na tempe ikiumuka hupata joto kama mwili wa mtu mwenye homa. Kila mpishi wa Java analijua hilo, na siku ile hakuna aliyelikumbuka. Kichanja kizima kilikuwa kimelala chini ya tope, vifurushi vimepangwa safu kwa safu, vinafuka mvuke mwembamba.

Kisha Paimo, ambaye mdomo wake haujawahi kujua pa kusimama, akainua kifurushi juu.

"Haya, mwiteni daktari. Mgonjwa anaendelea vizuri. Anahitaji chumvi na kitunguu saumu tu."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu ambao hawakulala, kicheko kinachotoka kwa sababu kilio kimegoma.

Mbah Sarpinah hakucheka. Alikaa chini kwenye tope, akampokonya Paimo kile kifurushi, akakipakata. Akaanza kukifuta kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Hii nilifunga mimi," alisema. "Juzi usiku. Kasi alinishikia taa."

Kicheko kikafa palepale. Paimo akavua kofia yake ya plastiki.

"Nisamehe, Mbah. Mimi ni mpumbavu."

"Si wewe, mwanangu. Ni mimi nilikuja mbio."

Murwani alikuwa amesimama na kamera yake kifuani, anaomba ardhi immeze naye. Ni yeye aliyesema "mtu". Ni yeye aliyemfanya mama mzima akimbie peku kwenda kupokea soya. Ee Mola, alisema moyoni, kama macho haya uliyonipa ni ya kuwatesa watu, yachukue.

Mkono mzito ukamgusa begani. Alikuwa Pak, yaani Baba, Wignyo, kiongozi wa kikosi cha uokoaji, mtu wa maneno machache na hasira nyingi.

"Murwani. Kamera yako imetupotezea alfajiri nzima."

"Pak, kamera inaonyesha joto. Haisemi ni la nani."

"Basi hapo ndipo penye tatizo."

Redio yake ya upepo ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya mlinzi aliyewekwa juu mlimani kuangalia ufa.

"Pak Wignyo! Ufa unapanuka. Jana uliingia mkono. Leo anaingia mbuzi."

Pak Wignyo akatazama juu. Mlima haukuonekana, ukungu tu. Lakini kila mtu alijua uko pale, umeinama juu ya vichwa vyao.

"Sikieni wote!" alisema. "Pakieni vifaa. Tunatoka hapa, twende upande wa daraja. King'ora kikilia kabla hatujamaliza, acheni kila kitu mkimbie. Hakuna kuagana."

Mbah Sarpinah aliinua kichwa. "Na mwanangu?"

Pak Wignyo akajifanya anafunga kamba ya buti.

Hapo Murwani akamfuata, akamsimamia mbele.

"Nipe ruhusa nipite mara moja tu, Pak. Kabla ukungu haujaondoka."

"Ukungu una nini?"

"Ardhi bado ni baridi. Jua likishachomoza, tope linapata joto, mabati yanapata joto, mawe yanapata joto. Kwenye kioo changu kila kitu kinakuwa cheupe. Jua likitoka, mimi ni kipofu."

Kijiji kizima kilikuwa kinamwomba Mungu jua. Murwani peke yake alikuwa anamwomba ukungu. Mungu huyohuyo, asubuhi ileile! Naye husikia wote.

Pak Wignyo alimtazama, akalitazama lile rundo la tempe, akavuta pumzi.

"Mara moja. Ukiniletea tempe nyingine, nitakutwika uende ukauze sokoni."

"Bismillahi," alisema Murwani, akawasha.

Alipita polepole, mguu mmoja ukizama, mwingine ukinasuka. Kwenye kioo dunia ilikuwa ya buluu na nyeusi. Nyuso za wachimbaji ziling'aa. Vifurushi vya tempe viling'aa mapajani mwa Mbah Sarpinah. Vitu vingine vyote vilikuwa baridi, baridi, baridi.

Akafika penye ukuta wa nyuma wa nyumba ya tempe. Ukuta ulikuwa umeanguka ukaegemea boriti, na vigae vya paa vimeulalia. Katikati palikuwa na tundu, si kubwa kuliko mdomo wa sufuria. Ukingoni mwa tundu lilining'inia jani la mgomba lililochanika.

Jani lilikuwa jeupe.

Si jeupe sana. Jeupe hafifu. Lakini mawe ya pembeni yake yalikuwa meusi tititi.

"Pak!"

Paimo ndiye aliyefika kwanza. "Dada, nakuomba. Usiniambie."

"Kuna joto humu."

"Nimekwambia usiniambie!"

Pak Wignyo akaja, na Mbah Sarpinah nyuma yake, kifurushi bado kiko mkononi. Murwani akamgeukia mama huyo. Nani mwingine angejua?

"Mbah, hapa palikuwa na nini?"

Mbah Sarpinah akaliangalia lile tundu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, anaijenga upya nyumba yake kichwani. Na jibu alilotoa, msomaji, hakuna aliyelitarajia kutoka kwa mama.

"Ni kichanja cha pili."

"Una hakika, Mbah?"

"Nilikuwa na vichanja viwili. Hiki nilikifunika magunia kwa sababu ya baridi. Ni tempe tu, nduk." Akameza mate. "Usiwaue watoto wa watu kwa ajili ya tempe yangu."

Mama mwenyewe amefunga mlango!

"Mwenye nyumba amesema," alisema Pak Wignyo, sauti imeshuka. "Twendeni."

"Kasiyati alikuwa analala wapi?" Murwani aliuliza.

"Chumba cha mbele. Kule." Mbah Sarpinah alionyesha upande wa bonde. Kule hakukuwa na nyumba wala alama ya nyumba. Tope lilikuwa limepita na kila kitu hadi mtoni. "Kila Pahing tunakwenda sokoni wawili. Safari hii chachu ilikuwa nzito, haitaki kuamka. Nikamwambia, wewe baki uangalie tempe, nitabeba mwenyewe. Ni mimi niliyemwambia abaki."

"Na mumewe?"

"Sanyoto? Yuko Semarang na lori lake. Nampigia tangu jana, simu haiiti. Sijui nitamwambia kwa mdomo gani."

Paimo akamshika mkono mama huyo amwongoze. Murwani akaanza kuishusha kamera.

Na jani likapepesa.

Jeupe. Likafifia. Jeupe tena. Likafifia.

Murwani akafumba macho, akafumbua. Jeupe. Likafifia.

"Pak Wignyo! Tazama! Linakuja na kuondoka!"

Kiongozi akatazama kwa jicho moja. Kamera ikabofya, ta! Picha ikaganda, kisha ikarudi.

"Hii kamera hujipepesa yenyewe. Nimeiona mara nyingi. Inabofya, inaganda, inarudi."

Ilikuwa kweli, na Murwani alijua ni kweli. Kamera zile zote zina tabia hiyo.

"Lakini kati ya mbofyo na mbofyo, Pak. Angalia hapo katikati."

"Basi ni mvuke wa tempe."

"Mvuke wa tempe hutoka tu. Huu unatoka na kurudi."

"Basi ni upepo! Murwani, nina watu hawa wote chini ya ufa unaoingia mbuzi, na wewe unaniletea jani!"

Kwa mbali, upande wa mashariki, ukungu ulianza kuwa na rangi ya maziwa. Jua lilikuwa linabisha hodi.

Murwani akapiga magoti kwenye tope. Si kwa ajili ya maonyesho. Nifundishe, Bwana wangu, alisema. Mimi sijui. Nifundishe upesi.

Akainuka.

"Mbah, mwite."

"Nimemwita jana mchana kutwa, nduk. Hakuitika."

"Mwite mara moja tu. Safari hii mimi sisikilizi. Natazama."

Paimo, bila kuagizwa, akaenda akazima pampu ya maji. Kimya kikashuka. Mtu aliyekuwa anakohoa akaziba mdomo kwa kofia.

Mbah Sarpinah akasogea karibu na tundu. Sauti yake ilikuwa imechanika kama gunia.

"Nduk! Kasi! Ni mama!"

Wote wakatega masikio. Maji yalitiririka mahali. Basi. Hakuna sauti, hakuna kugonga, hakuna hata kwikwi.

"Mmeona," Pak Wignyo alianza.

"Nyamaza, Pak!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Pak Wignyo anyamaze. Akanyamaza.

Kwa maana kwenye kioo jani lilikuwa limefifia, na halikurudi. Likabaki jeusi. Jeusi kama mawe. Limekwisha, aliwaza Murwani. Lilikuwa hapa, na sasa limekwisha.

Mara jani likalipuka weupe! Mara moja, kwa nguvu. Kisha likafifia, likarudi, likafifia, likarudi, haraka haraka, kama kifua cha mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Alibana pumzi," Murwani alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua. "Alisikia sauti, akabana pumzi. Alikuwa anasikiliza!"

Pak Wignyo akaichukua kamera mikononi mwake.

"Mwite tena, Mbah."

"Kasi! Nduk! Mama yako yuko hapa!"

Jani likasimama. Likakaa jeusi. Kisha likaanza kukimbia.

Paimo, aliyekuwa anachungulia begani kwa Pak Wignyo, ndiye aliyesema, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Tempe haisikilizi."

"Chimbeni!" Pak Wignyo alinguruma. "Chimbeni, mnangoja nini!"

Wakachimba. Jua likauchana ukungu, kioo cha Murwani kikaanza kupauka, lakini sasa haikujalisha, mahali palijulikana. Kigae kimoja, kigae kingine, gunia, gunia. Na chini ya magunia, tempe, vifurushi kwa vifurushi, vya moto moto. Wanaume wakavipokezana mkono kwa mkono kwa adabu, kama wanaopokezana watoto.

Ndipo walipofahamu. Usiku kucha, katika tope lile la barafu, kile kichanja kilikuwa kimempa mtu joto. Mama alimwambia binti aiangalie tempe. Tempe ikamwangalia binti. Sifa zote ni za Mungu, ambaye njia zake hatuzijui.

Tundu likapanuka, likafika boriti, likagoma. Paimo akajaribu kuingiza mkono, bega lilikataa.

"Dada, wewe ndiye mwembamba."

Murwani akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani. Giza. Tope. Jani. Halafu vidole.

Vidole vikamshika!

"Kasiyati?"

"Mama..." Sauti ilikuwa nyembamba kama karatasi.

"Ni Murwani, wa uokoaji. Mama yuko hapa, anakusikia."

Mbah Sarpinah akajitupa chini kando yake. Na kama akina mama wote duniani, la kwanza lililomtoka lilikuwa karipio.

"Wewe mtoto! Nakuita tangu jana! Kwa nini huitiki?"

"Naitika, Mama. Sauti haitoki."

"Ulikuwa unafanya nini huku nyuma? Si ulale kitandani kama watu?"

"Si ulisema niangalie tempe?"

Mbah Sarpinah akajiziba uso kwa mikono miwili. Paimo akageuka upande, akajifanya ameingiwa na tope machoni.

"Sawa, Kasi," alisema Murwani. "Tutakata ukuta kidogo, tukuvute. Usiogope."

"Msianze na mimi." Vidole vikakaza. "Tuko wawili."

Watu wakaangaliana.

"Wewe na nani?"

"Sanyoto. Alifika mama alipokwisha kutoka. Aliacha lori, akapanda pikipiki, hakupiga simu. Alitaka kumshtukiza mama akirudi kutoka sokoni." Akapumzika. "Mlima ulipolia, alinilalia juu. Boriti iko mgongoni kwake. Amenikumbatia mpaka sasa."

"Mkwe wangu!" Mbah Sarpinah alilia. "Sanyoto! Mwanangu! Niitikie!"

"Hawezi, Mama. Amechoka. Tangu jana jioni hasemi. Ana baridi sana, namsugua mikono lakini haipati joto. Mtoeni yeye kwanza. Mimi nina hii tempe."

Kwa mkono ulio huru Murwani akaichukua kamera, akaielekeza ndani ya tundu, mahali ambapo jua halijafika.

Akaona uso wa mwanamke, mweupe. Bega jeupe. Kifua cheupe kinapanda na kushuka.

Na juu ya bega lile, akaona mkono wa mtu umepita, umekumbatia kwa nguvu.

Mkono ulikuwa na rangi ya tope.

Murwani akamwinulia Pak Wignyo kile kioo. Kiongozi akatazama, akafumba macho, midomo yake ikacheza bila sauti: sisi ni wa Mungu, na Kwake tutarejea. Mbah Sarpinah alikuwa upande wa pili. Hakuona.

"Mnamwona?" Kasiyati aliuliza. "Yukoje?"

Kabla mtu hajajibu, mlima ukajibu. Ilikuwa sauti ndefu, ya chini, kama mlango mkubwa unaofunguliwa. Kisha king'ora kikaanza kulia.

"Tokeni!" Pak Wignyo alipaza sauti. "Wote! Paimo, mchukue Mbah! Murwani, mvute huyo, ukuta utaachia!"

Murwani akavuta. Mwili haukuja.

"Kasi, jiachie!"

"Simwachii." Alikuwa amelishika shati la mumewe kwa mkono wa pili. "Nikitoka mimi, nyinyi mtakimbia. Nasikia king'ora. Mtamwacha humu peke yake, na baridi hii. Mtoeni yeye kwanza, au mtuache wote."

Pak Wignyo akainama hadi sikioni kwa Murwani. "Mwambie ukweli. Akijua, atamwachia."

"Akijua, Pak, ataacha hata kupumua."

"Basi mdanganye! Sema tumeshamtoa!"

"Ameshika shati lake. Na mimi sitadanganya juu ya kaburi."

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya kioo cha kamera. Kokoto zikaanza kubingirika kutoka juu, moja moja. Wachimbaji waliokuwa wanakimbia wakasimama nusu njia, wakageuka kumtazama mwanamke yule aliyelala kwenye tope. Paimo alikuwa amembeba Mbah Sarpinah mgongoni, naye akasimama.

Murwani akaiweka kamera chini. Akaukamata ule mkono wa Kasiyati kwa mikono yake yote miwili, akapaza sauti mpaka ikapita king'ora.

"Kasiyati, nisikilize, na kila aliyesimama hapa anisikie! Mbele ya Mwenyezi Mungu, mbele ya mama yako, mbele ya Pak Wignyo na Paimo na wanaume hawa wote: mimi Murwani naahidi. Wewe utatangulia, kwa sababu umelala mlangoni. Na baada yako sitainuka juu ya tope hili mpaka Sanyoto naye ametoka, na nimemkabidhi mikononi mwako kwa mikono yangu. Mlima ukishuka kabla sijamaliza, mtanikuta hapahapa pamoja naye. Hatalala humu peke yake!"